Kamba za Mwenyekiti

Mama Dobi hakuhitaji kupiga hodi kwa mtu ili ajue mambo yake. Wenyewe walimletea mlangoni, yamefungwa kwenye shuka na kukazwa fundo.

Jengo lao lilikuwa na ghorofa sita na lugha ambazo hakuna aliyewahi kuzihesabu, maana kampuni yenye jengo ilimpangisha yeyote mwenye kulipa, awe amekuja kwa basi, kwa meli au kwa miguu. Kwenye ngazi walisalimiana kwa Kiswahili cha kila namna. Wapo waliokivunja bila huruma, na wapo waliokinyoosha mpaka kikakosa ladha. Wakishasalimiana, kila mtu aliingia kwake, akafunga mlango, akaendelea na lugha ya mama yake. Kama ungemuuliza wa ghorofa ya pili habari za wa ghorofa ya tatu, angekwambia ni watu wazuri sana, kwa sababu hakuwajua. Nguo zao ndizo zilizokutana, kwenye beseni moja, mikononi mwa mwanamke mmoja.

Aliletwa hapo akiwa bibi harusi wa mwangalizi wa jengo. Mume alipofariki, kampuni ilimwachia chumba cha chini kwa huruma, yaani kwa sababu hakuna mpangaji mwingine aliyekubali kulala na bomba la maji machafu likikoroma ukutani. Kufua alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mkali aliyeamini kwamba shati lisilotiwa wanga ni kitambaa cha kufutia meza. Kwa hiyo mjane wetu hakukaa akilia. Alinunua beseni, akamwomba shemeji yake asimike nguzo za chuma uani, akafunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na miaka mingi baadaye bado aliishi kwa kamba hizo. Zilimlisha, zikamsomesha binti yake wa pekee mpaka akapata kazi ya kukaa kwenye mashine ya malipo katika duka kubwa, na zaidi ya yote zilimpa jukwaa.

Maana mama huyu alikuwa na mikono ya dhahabu na mdomo usio na breki. Akianika, anatangaza. Foronya zikiongezeka kwa watu wa ghorofa ya tatu, uani pote palijua kuwa wamepata mgeni na hajui kuondoka. Wanafunzi wa ghorofa ya tano walipoleta shuka lenye rangi ya mdomo, alilianika katikati kabisa, upande wa rangi ukitazama ngazi. "Mimi simsengenyi mtu," alizoea kusema huku akibana kibanio. "Nasema ninachokiona tu. Asiyetaka nione, afue mwenyewe."

Binti yake alimwonya kila jioni. "Mama, mdomo huo utakuponza."

"Mdomo huu ndio uliokulea."

"Mikono ndiyo iliyonilea, mama. Mdomo ulikuwa unafukuza wateja."

Lakini wateja hawakuondoka. Wangekwenda wapi? Dobi mwingine alikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na yeye alipoteza soksi.

Kuna siku Nesi wa ghorofa ya nne alishuka kuchukua nguo zake, akiwa na watoto wake wawili. Alikuwa mwanamke mpole, wa zamu ndefu, anayeongea kana kwamba kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Mama Dobi alimkabidhi furushi, kisha akauliza, kwa sauti ya huruma iliyofika mpaka ghorofa ya sita, "Nesi mwanangu, mashati ya baba watoto mbona siyaoni siku hizi? Kulikoni?"

"Kasafiri, mama," alisema Nesi.

"Haya, arudi salama," alijibu Mama Dobi, akawakonyeza waliokuwepo. Waliokuwepo wakatazama pembeni. Baadaye alijisifu kwa binti yake kwamba yeye ndiye mtu wa kwanza kugundua kuwa ile ndoa imekwisha. Binti hakumpongeza.

Basi, kampuni ikaamka siku moja ikiwa na wasiwasi juu ya ubora wa maisha ya wapangaji. Bomba la ukutani lilikuwa linakoroma tangu enzi za marehemu mwangalizi na halikuwahi kumnyima mtu usingizi ofisini. Kilichowaamsha ni kusikia kuwa kampuni nyingine imepewa tuzo kwa kushirikisha wakazi wake. Wakamtuma kijana mmoja mwenye viatu visivyotoa sauti na kichwa kisichochoka kutikisika. Jina la kazi yake lilikuwa Mwezeshaji. Ukimwambia mvua inanyesha, alitikisa kichwa na kusema, "Asante sana kwa mchango huo."

Mwezeshaji alitaka kamati, na kamati ilitaka mwenyekiti. Wakazi walitazamana. Hakuna aliyetaka, na zaidi hakuna aliyejua jina la mwenzake ili ampendekeze. Mtu pekee aliyejulikana na ghorofa zote alikuwa Mama Dobi. Wakamnyooshea vidole, naye akavimba kichwa hapo hapo. Kesho yake alipiga pasi kola ya gauni lake mpaka ikawa na makali, akaanza kutembea taratibu, na mtu akimwita Mama Dobi alichelewa kugeuka. Akiitwa Mama Mwenyekiti aligeuka mara moja.

Mkutano wa kwanza ulifanyika uani, viti vimepangwa chini ya shuka zilizoanikwa. Mwezeshaji alieleza kanuni yake, na alivyoieleza ungedhani imeshushwa kutoka mbinguni. Mtu asiseme anachotaka yeye. Kila mmoja aseme jirani yake wa lugha nyingine anahitaji nini.

"Mkisema mnachotaka wenyewe, mtagombana," alisema. "Mkisemeana, mtapendana. Na zawadi ya jirani haikataliwi."

Mtu mwenye akili timamu angeomba ruhusa akaenda zake. Mama Mwenyekiti alifurahi hadi akasimama. Kazi ya kuwajulia watu haja zao alikuwa akiifanya bure miaka yote. Kumbe ina kanuni!

Alianza na Bwana Forodha, mzee mstaafu wa ushuru aliyeishi peke yake ghorofa ya kwanza, dirisha lake likitazama uani. Mzee huyu alikuwa na adabu ya zamani, tai ya kila siku, na chuki moja tu, nayo ni kelele.

"Huyu baba yetu," alisema Mama Mwenyekiti, mkono kifuani, "huleta shuka moja na foronya moja. Moja tu, jamani! Upweke utamuua. Anahitaji watoto. Wekeni bembea hapa, chini ya dirisha lake, wamchangamshe."

Watu walipiga makofi. Bwana Forodha alifungua mdomo, akaufunga, akarekebisha tai. Alilelewa kwamba zawadi hupokelewa kwa mikono miwili. "Nashukuru," alisema, kwa sauti ya mtu anayemezeshwa dawa.

Baada ya hapo mambo yalishika kasi. Wanafunzi wa ghorofa ya tano, waliohitaji sehemu ya kuegesha pikipiki, walizawadiwa chumba cha kusomea. Baba mmoja mvuta sigara alipewa kona ya mazoezi ya viungo. Kila aliyepewa alishukuru, na kila shukrani ilimtoa Mwezeshaji machozi ya furaha.

Mwishowe akasimama Nesi.

"Mimi ningependa kumsemea mama yetu mwenyekiti," alisema taratibu. "Ametufulia miaka mingi. Mikono imechoka. Tumpumzishe. Kampuni iweke mashine za kufulia kwenye kile chumba kingine cha chini kisichotumika, na hizi kamba ziondolewe, pawe bustani. Mama akae, apumzike."

Makofi yaliyofuata hayakuwa ya kawaida. Watu walisimama. Wa ghorofa ya tatu walipiga vigelegele, na wanafunzi walipiga miluzi. Mama Mwenyekiti naye alijikuta anapiga makofi, kwa kuwa mikono ilikuwa imeshaanza kabla kichwa hakijaelewa. Kilipoelewa, mikono ilisimama. Kamba! Alitaka kusema hapana, lakini macho yake yalikutana na ya Bwana Forodha, ambaye alimtazama kwa makini kuona kama yeye atameza yake.

"Nashukuru," alisema Mama Mwenyekiti.

Kampuni, ambayo kwa bomba lile ilikuwa haijapata fundi tangu dunia iumbwe, ilipata fundi wa kukata nguzo ndani ya wiki. Mashine zikaja, nyeupe, zenye vioo vya mviringo. Mwanzoni Mama Dobi alijipa moyo kwamba hazitafua dafu. Mashine itajuaje kutia wanga? Lakini mafurushi yalipungua, kisha yakakoma, akabaki na la Bwana Forodha tu. Uani palioteshwa majani, pakawekwa benchi lenye kibao cha shaba kilichoandikwa "Kiti cha Mama Mwenyekiti". Alikaa hapo asubuhi, mikono mapajani, na kila aliyepita alimuuliza kwa furaha kama anapumzika vizuri.

"Vizuri sana," alijibu, na akirudi chumbani alikula chakula alichonunuliwa na binti yake. Alikila ameinamisha kichwa. Mwanamke aliyejilisha tangu aachwe mjane alisikia kila tonge likimkwama.

Siku moja, watoto walipokuwa wakipokezana bembea kwa mayowe, alimwona Bwana Forodha dirishani, macho mekundu.

"Vipi mzee wangu, unachangamka?"

"Mama Mwenyekiti," alisema yule mzee kwa heshima zote, "tangu bembea ije sijalala mchana hata mara moja. Jana nimeota nawatoza ushuru watoto wote wa dunia."

Mama Dobi alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Na mimi sitaki kupumzika. Sijachoka. Nikipumzika nakula nini?"

"Basi ungesema."

"Ungesema wewe kwanza!"

Walitazamana, mmoja juu na mmoja chini, watu wazima wawili walioshindwa na neno dogo kuliko yote. Wakakubaliana kulisema siku ya uzinduzi, mbele ya wakubwa, yeye mama akitangulia.

Jioni alimweleza binti yake. Binti aliweka mkoba chini polepole.

"Usiseme, mama."

"Kwa nini? Walinihurumia tu, masikini. Wakijua sijachoka watazirudisha."

"Wewe unaamini ni huruma?"

"Uliyasikia makofi yale?"

"Niliyasikia," alisema binti. "Ndiyo maana nakwambia usiseme."

Mama Dobi alimwona binti yake ana wivu na uenyekiti. Alijikaza kisabuni, akapiga pasi kola.

Siku ya uzinduzi paliletwa turubai, viti vyenye vitambaa, na mgeni rasmi kutoka kampuni, bwana mnene aliyetazama saa kila alipopewa mkono. Mwezeshaji alimvisha mwenyekiti kilemba cha ukoka mbele ya umati. Alimwita nguzo ya jengo, mama wa mataifa, kioo cha ushirikishwaji. Kisha akampa kipaza sauti.

"Mgeni rasmi, wakazi wenzangu," alianza, na sauti ikamtetemeka, jambo ambalo halikuwahi kuitokea sauti ile. "Nashukuru kwa benchi. Lakini mimi sitaki kupumzika. Nataka kamba zangu."

Mwezeshaji alitikisa kichwa kwa mazoea, akagundua anachotikisia, akaacha.

"Na mimi," ilisikika sauti kutoka viti vya nyuma, na Bwana Forodha akasimama na tai yake, "nataka ile bembea iondoke!"

Hapo kizibo kikafyatuka. Wanafunzi walidai sehemu ya pikipiki. Mvuta sigara alisema aliyemwombea mazoezi aje afanye mwenyewe. Wa ghorofa ya tatu walisema wamechoka kupeana tabasamu kwenye ngazi na mtu anayemwaga maji machafu kutoka roshani. Yule anayemwaga maji alijibu kwa lugha yake, kwa kirefu, na ingawa hakuna aliyemwelewa, wote walielewa. Miaka yote ile hawakuwahi kuzungumza hivyo. Mwezeshaji alizunguka kama kuku, akisema, "Kanuni, jamani! Kanuni!"

Mama Dobi aling'aa. Alikiinua kipaza sauti juu. "Semeni! Leo tuseme ukweli! Hata wewe Nesi mwanangu, usiogope, sema unachotaka!"

Nesi alisimama. Hakuchukua kipaza sauti, na kwa sababu hiyo watu walinyamaza ili wamsikie.

"Mimi nimeshapata nilichotaka, mama," alisema. "Siku ile sikukuhurumia."

"Ah, usinitanie."

"Sikutanii. Uliniuliza mashati ya mume wangu yako wapi. Uliniuliza mbele ya watu, na watoto wangu wamesimama pale wameshika nguo. Nilikuwa bado sijawaambia. Usiku wakaniuliza baba kasafiri wapi, na atarudi lini, na atawaletea nini." Aliinamisha kichwa, akakiinua tena. "Mashine haiulizi. Nilitaka mashine. Na wote waliopiga makofi walijua ninachosema."

Mama Dobi aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta wa kubisha. Wa ghorofa ya tatu walitazama viatu. Wanafunzi walijitia kushughulika na simu. Hata Bwana Forodha, mshirika wake, alikuwa anaikunja na kuikunjua tai. Kipaza sauti bado kilikuwa mkononi mwa mama, kikizidaka pumzi zake na kuzitangaza. Aliona aibu, aibu ya kweli, akakizima.

Mgeni rasmi aliona ni nafasi nzuri, akakata utepe. Mtu mmoja akapiga makofi.

Kamba zilirudi, na wala hazikurudishwa kwa ajili yake. Chumba cha mashine hakikuwa na dirisha. Nguo zilitoka zimefuliwa na hazikukauka, watu wakaanza kunuka ukungu kazini. Safari hii walisema wanachotaka, tena kwa sauti, na kampuni ikasimika nguzo mpya na kuliita jambo hilo Awamu ya Pili ya Ushirikishwaji. Bembea ilihamishiwa upande wa pikipiki, pikipiki zikahamishiwa chini ya dirisha la Bwana Forodha, naye akaandika barua ya malalamiko yenye kurasa nyingi na afya yake ikaimarika. Uenyekiti ulibaki kwa Mama Dobi, maana bado hakuna mwingine aliyeutaka.

Ila sasa kila mtu alishuka na ndoo yake na kuanika mwenyewe. Uani palijaa watu kuliko zamani. Walipishana, waligombania vibanio, walifundishana matusi ya lugha zao. Walimwachia mwenyekiti kamba moja, ile ya katikati, kwa heshima. Siku ya kwanza alianika shuka na foronya ya Bwana Forodha, na kamba iliyobaki ikaning'inia tupu, watu wote wakiiona. Alivumilia siku hiyo. Ya pili hakuivumilia. Alirudi chumbani na kutoka na beseni.

Alianika nguo zake mwenyewe. Katika miaka yote ile hakuna mkazi aliyewahi kuziona, kwa sababu alizikausha ndani, juu ya kitanda, kwenye uzi aliofunga kutoka msumari hadi kwenye lile bomba. Gauni la nyumbani lilikuwa na viraka vya vitambaa vitatu tofauti. Shimizi ilikuwa imechakaa mpaka unaona ukuta upande wa pili. Yale magauni ya kola ngumu, ambayo watu walidhani ni mengi, yalikuwa mawili. Alizibana moja baada ya nyingine, mgongo ameunyoosha, akisubiri. Alijua yeye angesema nini kama zingekuwa za mtu mwingine. Alikuwa nalo neno zima tayari kichwani, na lilikuwa la kuchekesha.

Nesi alikuwa kwenye kamba ya jirani, na watoto wake. Yule mdogo aliitazama shimizi, akaifuatilia kwa macho mpaka kwenye tundu, akaanza kucheka.

"Mama, ona nguo ya bibi ime..."

"Nyamaza," alisema Nesi kwa sauti ya chini. "Nipe kibanio."

Mtoto akampa. Mtu mmoja upande wa ngazi alianza kuzungumzia hali ya hewa, na wengine wakamwitikia haraka haraka, kila mmoja akitazama nguo zake. Mama Dobi aliendelea kuanika. Angeshukuru kama wangemcheka.